Muuzaji atanirudishia fedha za taa za baiskeli nikifuta maoni yangu. Nifanye nini?

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia kuhusu taa mbili za baiskeli, na nakuomba uyavumilie maelezo yangu marefu, kwa sababu jambo lililoanza kama ununuzi wa kawaida sasa linaninyima usingizi.

Ninafanya kazi ya zamu, na kwa wiki tatu kati ya nne hutoka kazini usiku. Usafiri wangu ni baiskeli, na sehemu kubwa ya njia ninayopita haina taa za barabarani. Mdogo wangu, ambaye naishi naye na ambaye gharama zake zote ziko mikononi mwangu, naye hurudi kutoka masomo ya jioni kwa baiskeli yake. Kwa muda mrefu tulikuwa na taa moja tu ya mbele, na aliyejua kwamba atachelewa zaidi ndiye aliyeichukua. Taa hiyo ilipokufa nikaamua kununua mbili, kila mtu awe na yake.

Sikuwa na fedha za taa za bei ya juu. Nilitumia jioni kadhaa kulinganisha taa za bei nafuu katika soko la mtandaoni, nikasoma maelezo, nikahesabu nyota, na hatimaye nikachagua moja iliyoandikwa kwamba inatoa lumeni 1,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga), inadumu saa 6 kwa chaji moja, ina betri ya ndani ya miliampea-saa 2,000 (kipimo cha chaji inayobebwa na betri), na haiingii maji. Bei yake ilikuwa karibu robo ya bei ya taa zenye maelezo kama hayo kutoka kwa watengenezaji wanaojulikana. Nilipomkabidhi mdogo wangu ya kwake nilimwambia, kwa kujigamba, kwamba kuanzia leo ataona hata kokoto barabarani.

Usiku wa kwanza taa yangu iliwaka vizuri sana kwa dakika chache, kisha mwanga ukafifia. Nilidhani ni macho yangu yaliyozoea. Baada ya wiki moja niligundua kwamba ikiwekwa katika mwanga wa juu kabisa haimalizi hata saa nzima, na inapozima haitoi dalili yoyote mapema: inawaka, halafu ghafla ni giza. Mara mbili ilizima nilipopita kwenye makorongo, ikawaka tena nilipoigonga kwa kiganja. Nikamwandikia muuzaji kwa upole. Jibu lililokuja lilinishukuru kwa kuwa mteja wao na kuniahidi huduma ndani ya saa 24, na baada ya hapo ukafuata ukimya wa siku nne, ingawa niliandika mara mbili zaidi.

Ndani ya siku hizo nne mdogo wangu alianguka. Alikuwa kwenye mteremko, taa ikazima, akaingia shimoni na kuangukia mkono. Hakuvunjika mfupa, lakini kifundo cha mkono kiliteguka na kikafungwa bendeji kwa wiki mbili, na mkono wenyewe ndio anaoandikia. Taa yake ilipasuka kioo na kubonyea upande mmoja. Usiku huohuo, nikiwa na hasira, niliandika maoni ya nyota moja kwenye ukurasa wa taa hiyo. Niliandika kwamba muuzaji ni mwizi, kwamba taa zake zinaua watu, na kwamba mdogo wangu aliponea chupuchupu.

Maoni hayo yalifanya kile ambacho ujumbe wangu wote wa upole ulishindwa kukifanya. Asubuhi yake muuzaji alijibu. Kwanza aliomba video ya taa ikizima, nikamtumia. Akaniambia niichaji kwa saa 8 mfululizo kisha nijaribu tena. Nikafanya hivyo, na hakuna kilichobadilika. Akanipa pendekezo la kunirudishia theluthi ya bei na kubaki na taa zangu. Nilipokataa, akaja na pendekezo ambalo ndilo limenifanya nikuandikie: atanirudishia fedha zote za taa mbili, na juu yake atanitumia taa mpya ya toleo bora zaidi, lakini kwanza nifute maoni yangu na nifunge malalamiko niliyoyafungua. Siku iliyofuata mhudumu wao wa wateja aliniandikia mwenyewe. Alisema kwamba yeye ni mwajiriwa tu, kwamba kila nyota moja inayobaki humpunguzia malipo, na kwamba ana watoto wanaomtegemea. Aliniomba kwa heshima kubwa, na sioni kama nina haki ya kumtilia shaka.

Kuna mambo mawili ambayo sijamwambia mtu. La kwanza ni kwamba watu kadhaa wameonyesha kuwa maoni yangu yamewasaidia, na mmoja ameandika chini yake kwamba alikuwa karibu kumnunulia mtoto wake taa hiyohiyo na sasa ameghairi. La pili ni kwamba wiki iliyopita mdogo wangu alikiri kwamba siku aliyoanguka alikuwa hajaichaji taa yake kwa siku tatu. Basi huenda niliyoyaandika si kweli tupu.

Mwenzangu kazini anasema nichukue fedha, nifute, niendelee na maisha. Shangazi yetu anasema rahisi huvunja upishi, na kwamba niliponunua taa ya bei ile nilikuwa nimenunua na ajali yake. Neno hilo limenichoma kuliko yote, kwa sababu mimi ndiye niliyechagua. Muda wa kudai fedha kupitia soko lile unakwisha baada ya siku 9. Fedha hizo ninazihitaji ili ninunue taa nyingine. Kwa sasa mdogo wangu anatembea kwa miguu, nami nimefunga tochi kwenye usukani kwa kipande cha mpira. Nifanye nini?

Mimi,
Ndugu wa Aliyeanguka

*

Mpendwa Ndugu wa Aliyeanguka,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila niliposoma niliona ndani yake barua mbili zilizoshonwa pamoja. Moja inaniuliza kuhusu muuzaji anayetaka kununua ukimya wako kwa fedha ambazo, kwa maoni yako, tayari ni haki yako. Nyingine haiulizi kitu waziwazi, lakini inamrudia mdogo wako tena na tena: mkono wake wa kuandikia, siku tatu za kutochaji, maneno uliyomwambia ulipomkabidhi taa. Nitajaribu kuzijibu zote mbili, na nakuomba radhi mapema ikiwa nitakaa zaidi kwenye mambo uliyoyapita haraka.

Niruhusu nianze na taa yenyewe, kwa kuwa naona umejihukumu kabla ya kuichunguza. Unasema ulinunua kitu cha bei rahisi, basi ubaya wake ulikuwa ndani ya bei. Shangazi yako amesema kwa nia njema, na methali aliyoitumia ina ukweli wake, lakini inamlaumu mnunuzi peke yake na kumwacha aliyeandika maelezo ya bidhaa. Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Betri ya miliampea-saa 2,000 yenye volti 3.7, ambayo ni kawaida ya betri za lithiamu za namna hii, inabeba nishati ya takribani wati-saa 7.4, yaani inaweza kutoa wati 7.4 kwa muda wa saa moja. LED nzuri, yaani kile kijitaa cha kielektroniki kinachotoa mwanga wenyewe, inayotumika katika taa ndogo hutoa kama lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati. Ili kupata lumeni 1,000 za kweli, taa inahitaji takribani wati 7 hadi 10, na kwa kiwango hicho betri yako inaisha kwa muda wa saa moja, au pungufu yake. Taa yako haimalizi saa nzima, kama ulivyoandika. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba haijaharibika hata kidogo, bali inafanya kile hasa kinachowezekana kwa betri iliyomo, na kilicho kibovu ni yale maneno «saa 6» yaliyowekwa kando ya «lumeni 1,000» kana kwamba vyote viwili hupatikana kwa wakati mmoja.

Hata kule kufifia kwa mwanga baada ya dakika chache kuna maelezo yake. LED yenye nguvu ndani ya kijisanduku kidogo hupata joto, na taa nyingi zimetengenezwa zijipunguzie mwanga zenyewe ili zisiungue. Kipimo ambacho watengenezaji wengi wa tochi hukifuata, kilichotolewa Marekani mwaka 2009, huhesabu muda wa kudumu hadi mwanga unapokuwa umeshuka na kufikia asilimia 10 ya mwanga wa mwanzo. Maana yake ni kwamba hata mtengenezaji mwaminifu anaweza kuandika saa nyingi ambazo sehemu yake ni mwanga hafifu usiokufaa kitu katika mteremko. Nayo lumeni hujumlisha mwanga wote unaotoka katika taa, kokote unakoelekea, mbinguni na kwenye majani ya miti pia. Luksi ndiyo inayokuambia ni mwanga kiasi gani unaoifikia barabara. Ujerumani, ambako taa za baiskeli husimamiwa kisheria kwa ukali, hutazama luksi na si lumeni, na taa ya mbele inatakiwa itoe angalau luksi 10 katika umbali wa mita 10. Wewe ulilinganisha taa kwa jioni kadhaa kwa kutumia namba ulizopewa. Ulifanya bidii, namba ndizo zilizokuangusha.

Jambo moja, hata hivyo, haliwezi kusamehewa kwa hesabu yoyote, nalo ni taa kuzima ghafla bila onyo na kuzima inapotikiswa. Betri za lithiamu huwa na kinga inayokata umeme zinapokaribia kwisha, na hiyo ni kinga nzuri, lakini taa ya baiskeli inapaswa kukuonya kabla, kwa kupunguza mwanga au kuwasha kitaa kidogo chekundu. Ikizima kwenye makorongo na kuwaka inapogongwa, ina mguso uliolegea mahali fulani, na hilo ni kosa la utengenezaji. Mtu anayekwenda kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa hupita karibu mita 7 kwa kila sekunde. Katika sekunde mbili za kushtuka na kutafuta breki, mdogo wako alikuwa amekwisha kupita mita 14 gizani.

Hapa ndipo ninapotaka kukuuliza jambo kwa upole. Mdogo wako alipokuambia kwamba hakuichaji taa kwa siku tatu, alikuwa anakupa habari za kiufundi, au alikuwa anajitwisha lawama ili akupunguzie wewe? Kijana aliyeanguka na kumwona ndugu yake mkubwa akikosa usingizi anaweza kulitafuta kosa ndani yake mwenyewe. Pia inawezekana kwamba ni kweli tupu. Lakini hebu fikiri: karatasi ya taa ilimwambia saa 6, naye safari yake ya jioni, nadhani, haifiki saa moja. Kwa hesabu aliyopewa, siku tatu bila kuchaji haukuwa uzembe. Aliyaamini maandishi yaleyale uliyoyaamini wewe. Sisemi kwamba kwa hiyo hana sehemu yake katika jambo hili, wala kwamba wewe huna. Nasema tu kwamba mmegawana lawama ninyi wawili nyumbani kwa haraka sana, kabla aliyeandika maelezo hajapewa fungu lake.

Sasa tuje kwa muuzaji. Umenieleza uchaguzi kana kwamba ni mmoja: fedha au ukweli. Mimi naona mambo mawili tofauti ambayo yamefungwa kwa kamba moja, na aliyeifunga kamba hiyo si wewe. Dai lako la fedha linasimama juu ya taa: bidhaa haifanyi kile ilichoandikiwa, na una video. Maoni yako yanasimama juu ya wasomaji: mzazi yule aliyeghairi, na wengine watakaokuja. Haki za mnunuzi hutofautiana baina ya nchi na nchi. Katika Umoja wa Ulaya muuzaji anawajibika kwa kasoro ya bidhaa kwa muda usiopungua miaka miwili tangu kuipokea, Uingereza mnunuzi ana siku 30 za kuikataa bidhaa mbovu na kudai fedha zake zote, na Marekani sheria ya mwaka 2016 inabatilisha vifungu vya mikataba ya kawaida vinavyomzuia mteja kutoa maoni ya kweli. Popote ulipo, soma kanuni za soko lenyewe ulilonunulia, kwani masoko makubwa hukataza wauzaji kulipia ufutaji wa maoni, na ukiwaonyesha wasimamizi ujumbe wa namna hiyo huenda dai lako likapata nguvu zaidi.

Ukiamua kukubali pendekezo kama lilivyo, sitakulaumu. Una mdogo wako anayetembea kwa miguu usiku na tochi iliyofungwa kwa mpira, na fedha hizo zinaweza kuondoa hatari iliyopo leo. Lakini angalia mpangilio wa hatua ulioombwa: ufute kwanza, ufunge malalamiko kwanza, kisha ulipwe. Katika masoko mengi malalamiko yaliyofungwa hayafunguliwi tena, na siku 9 zikipita utabaki na ahadi tu mkononi. Ikiwa utapita njia hiyo, nakusihi angalau fedha zitangulie na malalamiko yafungwe baada ya kuziona katika akaunti yako. Tena usihamie kuzungumza nao nje ya mfumo wa soko, hata wakikuomba, kwa sababu ujumbe ulioandikwa huko nje wasimamizi wa soko wanaosuluhisha madai hawauoni. Kuna gharama nyingine ambayo haihesabiki kwa fedha, nayo ni kwamba utamkumbuka yule mzazi. Wewe ndiye unayejua kama kumbukumbu hiyo utaweza kuibeba kwa amani.

Njia ya pili ni kudai fedha zote bila sharti, ukiwapa wasimamizi wa soko video, tarehe, na ile hesabu ya wati-saa niliyokuonyesha. Hesabu ina faida moja kubwa kwako: haina hasira ndani yake, na mtu wa huduma kwa wateja anayepokea malalamiko mamia kwa siku hulazimika kuijibu. Unaweza kuandika maneno kama haya: «Taa hizi ziliuzwa kwa maelezo ya lumeni 1,000 na saa 6. Betri yenu ya miliampea-saa 2,000 haiwezi kutoa vyote viwili pamoja. Aidha, taa huzima bila onyo na huzima inapotikiswa, kama video inavyoonyesha. Naomba kurejeshewa fedha za taa zote mbili. Suala la maoni yangu nalishughulikia kando na wala si sehemu ya dai hili.» Hatari ya njia hii ni kwamba inaweza kuchukua muda, na kwamba muuzaji aliyekuwa laini anaweza kuwa mgumu. Anaweza pia kutaka umrudishie taa. Hapo nakutahadharisha: ile ya mdogo wako, iliyopasuka na kubonyea, usiichaji tena wala usiitume kwa posta, maana betri ya lithiamu iliyoumia inaweza kushika moto, na betri zenye hitilafu za namna hiyo hazikubaliwi kusafirishwa kwa ndege. Iweke nje ya chumba mnacholala, mbali na vitu vinavyoungua, mpaka utakapoifikisha panapopokelewa betri chakavu. Picha yake yenye namba ya toleo itatosha kuwa ushahidi.

Kama ulilipa kwa kadi, ipo pia njia ya kuiomba benki iyapinge malipo. Ninaitaja ili uijue. Kwa taa mbili za bei nafuu naona ni nzito, na masoko mengine humfungia akaunti mteja anayeipitia.

Nirudi kwenye maoni yenyewe, kwa sababu hapa ndipo dhamiri yako inapokwaruzwa pande zote mbili. Umeyachukulia kuwa ni kitu ambacho ama kinabaki kama kilivyo ama kinafutwa. Je, hakiwezi kuandikwa upya? Uliandika usiku wa ajali, ukiwa bado unaona mkono wa mdogo wako ukivimba. Neno «mwizi» linasema juu ya nia ya mtu ambaye humjui. Neno «zinaua» linasema lisilotokea, namshukuru Mungu. Lakini chini ya maneno hayo kuna ushahidi ambao hakuna mwingine anayeweza kuutoa: taa mbili, si moja, zilizozima bila onyo; dakika ngapi ilidumu katika mwanga wa juu; ilivyozima kwenye makorongo; na kwamba taa moja haikuwa imechajiwa kwa siku tatu ilipozima. Hilo la mwisho halikudhoofishi. Msomaji ataliamini zaidi neno la mtu anayetaja hata lile lisilomsaidia, na yule mzazi atapata cha kumsaidia kuamua kuliko alichopata kwenye hasira yako. Ikiwa muuzaji atakurudishia fedha, unaweza kuongeza sentensi moja kusema hivyo, kwa sababu nalo ni kweli na mnunuzi mwingine angependa kulijua.

Umesema huoni kama una haki ya kumtilia shaka mhudumu aliyekuandikia. Inawezekana kila alichosema ni kweli, na moyo wako ulifanya vyema kusimama hapo badala ya kupita. Inawezekana pia kwamba ujumbe huo umetumwa kwa wateja wengi, maneno yaleyale, watoto walewale. Huhitaji kujua ni lipi kati ya hayo ili umtendee kwa utu. Unaweza kumjibu kwa jina alilokupa, ukamshukuru kwa lugha yake ya heshima, ukamweleza kwamba katika maoni yako unaizungumzia taa na si yeye, na hata ukaandika humo kwamba mhudumu alikuwa mwungwana. Lakini jiulize pia ni nani aliyeupanga utaratibu wa kumkata mfanyakazi malipo kwa kosa la betri, kisha akamtuma huyohuyo mfanyakazi kukuomba uufiche ubovu wake. Ukifuta maoni, mzigo wake unapungua kwa wiki moja, na taa zilezile zinaendelea kuuzwa kwa watu watakaomwandikia tena. Ukiyaacha, huenda akaumia leo. Sina mizani ya kupima haya mawili kwa niaba yako.

Kuhusu taa mtakayonunua baadaye, hata fedha zikirudi nusu tu, naomba usiache kununua vya bei nafuu kwa sababu ya aibu. Zipo taa za bei ya chini zinazofanya kazi yake kwa uaminifu, na mara nyingi unazitambua kwa unyenyekevu wa namba zao: lumeni 200 au 300 zilizoandikwa pamoja na muda wa kila kiwango cha mwanga, kinga ya maji iliyotajwa kwa alama yake, mathalani IPX4, inayomaanisha kwamba inastahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande, na kitaa cha kuonyesha kiasi cha chaji. Anayeandika saa kwa kila kiwango anakupa kitu cha kumdai. Kabla ya kuamini taa mpya barabarani, iwashe nyumbani katika kiwango mtakachokitumia, tazama saa, na uandike imedumu dakika ngapi, kisha itikise. Fanya hivyo siku ya kwanza, wakati muda wa kurudisha bado ni mrefu. Ielekeze chini kidogo ili isimpofushe anayekuja mbele yenu. Kisha kila mmoja awe na kitaa kidogo cha akiba kwenye usukani, hata kile dhaifu kabisa, maana taa moja ikizima, mwanga kidogo unaobaki unamtosha mtu kufika kwenye breki.

Ningependa pia umwombe mdogo wako akae nawe mnapofanya jaribio hilo. Si kwa ajili ya taa pekee. Ninadhani anahitaji kukusikia ukisema kwamba uliamini namba zilezile alizoziamini yeye, nawe unahitaji kumsikia akisimulia usiku ule bila yeyote kati yenu kuwa mshtakiwa. Mwonyeshe maoni uliyoyaandika, muulize angebadilisha nini. Yeye ndiye aliyekuwa juu ya baiskeli, na sioni katika barua yako mahali ambapo mtu yeyote amemuuliza angependa nini kifanyike. Siku 9 zinatosha kuzungumza naye kwanza, kisha na muuzaji, hasa ukiyapeleka maombi yako kwa wasimamizi wa soko kabla ya siku ya sita, ili pabaki nafasi ya wao kukujibu na wewe kuwajibu.

Niandikie tena mkono wake utakapopona kabisa, ukinieleza mlichokiamua ninyi wawili.

Wako katika ushauri,
Mshauri